Ini Huota Tena, Njia ya Nyongo Haioti

Huanza kwa kuwashwa. Ngozi haina upele wala alama, lakini viganja na nyayo zinawasha usiku kucha, na asubuhi mgonjwa anaamka akiwa amejikuna hadi damu. Miezi sita imepita tangu arudi kutoka India akiwa na kovu refu tumboni na kipande kikubwa cha ini la mwanawe ndani ya mwili wake. Siku ile alipokewa uwanja wa ndege kwa vigelegele, dua ikasomwa, mbuzi akachinjwa, kila mtu akasema mzee amepona. Sasa mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, weupe wa macho umeanza kupiga manjano, na jioni moja homa inampanda kwa kutetemeka mpaka meno yanagongana. Watoto wanamkimbiza zahanati ya jirani. Anapimwa malaria, anapewa dawa, anarudishwa nyumbani.

Mzee huyu nimemchora mwenyewe ili msomaji aione njia. Dalili zake sikuzibuni: ndizo madaktari wa upandikizaji wa ini wanazozijua kwa wagonjwa wao, na miezi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani ndiyo zinapopenda kuzuka. Kinachomsumbua si ini alilopewa, kwani ini lenyewe linafanya kazi. Kilichobana ni mfereji mdogo wa kupitishia nyongo, wenye upana wa milimita chache tu, pale pale madaktari walipouunganisha kwa uzi.

Ini lina sifa ambayo viungo vingine vikubwa vya ndani havina. Ukikata kipande chake, kinachobaki hukua ndani ya wiki na miezi mpaka karibu kufikia ukubwa wa awali. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya anaweza kumgawia nduguye zaidi ya nusu ya ini lake, na wote wawili wakaishi. Mfereji wa nyongo hauna bahati hiyo. Uliokatwa hauchipui mwingine, na ulioshonwa hupona kwa kovu, na kovu lina tabia ya kujikunja. Familia inapojiandaa kwa safari huuliza gharama, viza na kundi la damu. Swali la njia ya nyongo huja mwisho, na pengine haliji kabisa. Makala haya yameandikwa ili liulizwe mapema.

SOMO LA JIKONI

Yeyote aliyewahi kupasua kuku anaijua hatari hii. Kisu kikifika kwenye ini, mkono hupunguza mwendo. Kile kifuko cha kijani kilichojibana chini ya ini lazima kitoke kizima, maana kikipasuka, nyama nzima inaharibika kwa uchungu. Watu wa pwani wana msemo wao, nyongo mkalia ini, na hata asiyejua udaktari anaelewa kwamba vitu hivyo viwili havikai mbalimbali.

Daktari wa upasuaji ana kazi ileile ya mpishi, ila yake ni ngumu zaidi: yeye hawezi kuitupa nyongo. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita nzima ya nyongo kila siku, na uzalishaji huo hausimami kwa sababu mwenye ini yuko kitandani. Nyongo ndiyo inayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Ndiyo pia njia ya kutolea taka, ikiwamo bilirubini, ile rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapochakaa na kuvunjwa. Rangi hiyo ikifika utumboni, choo huwa cha kahawia. Ikizuiwa, choo hupauka kama udongo mweupe, bilirubini hurudi kwenye damu, macho huwa manjano, mkojo hukolea na ngozi huanza kuwasha.

Katika ini zima, njia hii imepangwa kama mto. Vijito visivyohesabika huungana, hufanya mfereji mmoja wa upande wa kulia na mmoja wa kushoto, na hiyo miwili hukutana chini ya ini kuwa shina moja linaloteremka hadi utumbo mwembamba. Mwishoni pana mlango mdogo wenye msuli, unaofunguka nyongo ipite na kujifunga ili uchafu na vijidudu vya utumboni visipande juu.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyochora. Watu halisi hawafuati mchoro. Ni takriban watu 6 katika kila 10 tu wenye mpangilio huo wa kawaida. Kwa waliobaki, kijito cha nyuma cha upande wa kulia huenda kikajiunga upande wa kushoto, au vijito vitatu vikakutana mahali pamoja, au kimoja kikateremka peke yake na kuingia kwenye shina chini kabisa. Mwenye ini hajui, wala halimdhuru, mpaka siku atakapotaka kuligawa.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Ini zima kutoka kwa marehemu huja na shina lake moja, pana kiasi, na kazi ni kuunganisha shina kwa shina. Nusu ya ini kutoka kwa mtu aliye hai hukatwa juu ya makutano, mahali ambapo mifereji bado ni myembamba. Nusu ya kulia, ambayo watu wazima wengi huihitaji kwa sababu ni kubwa, mara nyingi hutoka na matundu mawili ya nyongo badala ya moja, na wakati mwingine matatu. Kila tundu linataka kuunganishwa peke yake au kushonwa pamoja na jirani yake. Tundu likisahaulika, sehemu ya ini inayotegemea njia hiyo humwaga nyongo tumboni au hujifungia na kuoza kwa maambukizi.

Kuna na jambo la damu. Nyama ya ini hulishwa na mishipa miwili: ateri, na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni, ambao huleta takriban robo tatu ya damu yote. Mfereji wa nyongo hutegemea ateri peke yake, kupitia vishipa vyembamba kama nywele vinavyotambaa juu ya ukuta wake. Daktari akiuvua mfereji nguo hizo wakati wa kuukata, au ateri ikiziba kwa damu iliyoganda baada ya upasuaji, ini linaweza kuvumilia kwa muda, lakini mfereji hufa. Ncha iliyokosa damu huvuja mapema au hubana baadaye. Kwa sababu hiyo timu zenye uzoefu huukata mfereji pamoja na nyama laini inayouzunguka, na hutumia mikasi badala ya moto wa umeme karibu nao.

MIAKA YA MAJARIBIO

Thomas Starzl alifanya jaribio la kwanza la kupandikiza ini la binadamu mjini Denver, Marekani, Machi 1963. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa bila njia kamili ya nyongo, na alifariki mezani kwa kutokwa damu. Mafanikio ya kwanza yenye kudumu yalikuja mwaka 1967. Upande wa pili wa Atlantiki, Roy Calne alianza kazi hiyo Cambridge mwaka 1968, na baada ya kuona wagonjwa wakiponyoka kifo cha damu na kunaswa na maambukizi ya nyongo, aliuita muungano wa njia ya nyongo kisigino cha Akile cha upasuaji huu: mahali padogo pa udhaifu katika mwili wenye nguvu. Zaidi ya nusu karne imepita na madaktari bado wanaurudia usemi huo, kwa sababu bado ni kweli.

Wazo la kumkata mtu aliye hai lilizaliwa na uhaba. Mwezi Desemba 1988, Silvano Raia alijaribu mjini São Paulo, Brazili, lakini mtoto hakupona. Julai 1989, mama mmoja kutoka Japani alilala kwenye meza ya upasuaji mjini Brisbane, Australia, na Russell Strong akachukua kipande cha upande wa kushoto wa ini lake na kumpandikizia mwanawe mdogo. Mtoto akaishi. Mama huyo alikuwa amesafiri mbali kwa sababu nchini kwake, wakati huo, viungo vya marehemu vilikuwa havipatikani. Sheria ya Japani iliyoruhusu kuchukua viungo kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa ilikuja mwaka 1997. Nikisoma habari za safari yake huwaona akina mama wa Dar es Salaam na Nairobi waliobeba mafaili ya hospitali kwenye foleni ya ndege ya kwenda Delhi au Chennai.

Baada ya Brisbane mlango ulifunguka. Christoph Broelsch alianza mpango wake Chicago mwaka huohuo wa 1989, na Koichi Tanaka akaanza Kyoto mwaka 1990. Hao wote walitibu watoto, ambao hutosheka na kipande kidogo. Masatoshi Makuuchi alifanikiwa kwa mtu mzima mjini Matsumoto mwaka 1993, na mwaka 1996 Fan Sheung-Tat wa Hospitali ya Queen Mary, Hong Kong, akatumia nusu ya kulia kwa mtu mzima. Kuanzia hapo Asia ikawa nyumbani kwa upasuaji huu. Hospitali moja ya Seoul, Asan Medical Center, imeshafanya maelfu. India, iliyopata mafanikio yake ya kwanza mwaka 1998, leo hufanya upandikizaji mwingi wa ini kila mwaka, na sehemu kubwa kabisa ya maini hayo hutoka kwa ndugu walio hai.

Nusu ya kulia iliwapa watu wazima nafasi waliyokuwa wameikosa. Pamoja na nafasi hiyo ilikuja ile idadi ya matundu. Tatizo la njia ya nyongo likapanda juu ya orodha ya matatizo yote ya upasuaji huu, na huko limebaki.

NJIA MBILI ZA KUUNGANISHA

Daktari mwenye nusu ya ini mkononi ana chaguo mbili kubwa.

Ya kwanza ni kuipeleka nyongo moja kwa moja utumboni. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha moja huvutwa juu na kushonwa kwenye mfereji wa ini jipya, na njia ya chakula huungwa upya chini yake. Mchoro wake hufanana na herufi Y, na umebeba jina la César Roux, daktari wa Lausanne, Uswisi, aliyeishi kati ya karne ya 19 na ya 20. Kwa mtoto aliyezaliwa bila mifereji ya nyongo hakuna chaguo lingine, kwa kuwa hana shina la kuunganishia. Wengi wa watoto hao huwa wameshafanyiwa upasuaji wa Morio Kasai, daktari wa Sendai aliyeutangaza mwaka 1959, ambao nao hutumia kipande cha utumbo kilichovutwa hadi kwenye ini. Ubaya wa njia hii ni kwamba mlango ule wenye msuli unarukwa, kwa hiyo vijidudu vya utumboni vinaweza kupanda kwenye ini. Tena, kamera ya kupitishia mdomoni huwa na safari ndefu ya kona nyingi kufika kwenye muungano ukileta taabu.

Ya pili ni kushona mfereji wa ini jipya kwenye mfereji wa mgonjwa mwenyewe. Kwa watu wazima njia hii ilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Utumbo hauguswi, mlango wenye msuli unabaki kazini, na baadaye kamera inaweza kufika kwa njia ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba ncha mbili nyembamba huvutana, na kubana hutokea mara nyingi. Hakuna njia iliyoishinda nyingine kwa kila mgonjwa. Kinachoamua ni ugonjwa wa mgonjwa, idadi ya matundu, umbali kati yao na hali ya mfereji wa mpokeaji.

Ufundi wenyewe unataka subira ya mtu anayetunga shanga. Uzi unaotumika ni mwembamba kuliko wa kushonea nguo na huyeyuka wenyewe mwilini. Daktari huvaa miwani ya kukuza. Matundu mawili yaliyo karibu anaweza kuyashona ubavu kwa ubavu yawe mdomo mmoja, kisha akaunganisha mara moja badala ya mara mbili. Wengine huacha kijibomba laini ndani ya muungano ili nyongo ipite wakati kidonda kinapona. Mjini Kaohsiung, Taiwan, timu ya upandikizaji ilianza mwaka 2006 kushona njia ya nyongo chini ya darubini ya upasuaji, kama wanavyofanya wanaounganisha vidole vilivyokatika, na ikaripoti matatizo machache zaidi ya mapema.

Kazi nzuri huanza siku nyingi kabla ya kisu, kwa picha ya MRI inayoonyesha vijito vya nyongo vya mtoaji. Siku ya upasuaji, kabla ya kukata, dawa ya kuonekana kwenye eksirei huingizwa katika njia ya nyongo ya mtoaji na picha hupigwa palepale mezani. Baadhi ya vyumba vya upasuaji sasa hutumia rangi ya kijani inayong'aa chini ya taa maalumu, na daktari akauona mfereji uking'aa anapouelekea. Milimita mbili za kosa upande mmoja humwongezea mpokeaji matundu. Upande wa pili humbania mtoaji njia yake mwenyewe.

KUVUJA NA KUBANA

Matatizo ya njia ya nyongo baada ya kupandikizwa ini kutoka kwa mtu hai hutajwa katika taarifa za vituo mbalimbali kuwapata kati ya mgonjwa 1 katika 10 na mgonjwa 1 katika 3. Ni wengi. Msomaji asitishike kupita kiasi: walio wengi kati yao hutibiwa na kuendelea na maisha. Lakini asidanganyike pia kwamba akitoka hospitali ameshamaliza.

Kuvuja hutokea mapema, kwa kawaida ndani ya mwezi wa kwanza, wakati mgonjwa bado yuko karibu na madaktari wake. Nyongo hutoka kwenye muungano au kwenye uso wa ini uliokatwa. Tumbo huuma, homa hupanda, na kwenye mrija wa kutolea maji ya tumboni hutokea rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Uvujaji mdogo unaweza kukauka wenyewe ukitolewa vizuri kwa mrija. Mkubwa hutaka stenti, yaani kijibomba cha kuiweka njia wazi, au kurudi chumba cha upasuaji. Jambo moja likumbukwe: aliyevuja mapema yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa baadaye, kwa sababu nyongo huchokoza nyama na nyama iliyochokozwa huota kovu nene.

Kubana huja polepole. Mara nyingi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa kunaweza kuchelewa zaidi. Kabla mgonjwa hajahisi kitu, vipimo vya damu huwa vimeshaanza kupanda, hasa vimeng'enya viwili ambavyo kwenye karatasi ya maabara huandikwa ALP na GGT. Hapo kuna mtego. Mwili unaolikataa ini jipya nao hupandisha vipimo. Daktari asiyezoea anaweza kuongeza dawa za kutuliza kinga akidhani anapambana na mwili unaolikataa ini, kumbe tatizo ni bomba lililobana, na dawa hizo zikawapa nguvu vijidudu vilivyojificha nyuma ya kizuizi. Ndiyo sababu picha lazima itangulie: ultrasaundi kuangalia mifereji na mtiririko wa ateri, kisha MRI ya njia ya nyongo, na kipimo cha kinyama cha ini inapobidi.

Tiba ya kwanza ya kubana siku hizi haihitaji kisu. Mrija wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa nyongo. Waya mwembamba husukumwa kupita mahali palipobana, puto dogo hupulizwa kupapanua, na stenti ya plastiki huachwa hapo. Kazi hii, inayojulikana hospitalini kwa herufi ERCP, haimaliziki siku moja. Stenti za plastiki huziba, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na mara nyingi huongezwa idadi, kwa muda unaokaribia mwaka. Kamera isipofika, daktari wa mionzi hupita ubavuni kwa sindano, kati ya mbavu, akaingia kwenye njia ya nyongo kutoka juu. Wakati mwingine wawili hao hukutana katikati, mmoja akishuka na mwingine akipanda. Kwa njia iliyoziba kabisa, madaktari wa Japani na Korea Kusini wametumia sumaku mbili ndogo, moja kila upande wa kizuizi: huvutana siku hadi siku mpaka zikatoboa njia mpya. Yote yakishindikana, upasuaji hurudiwa, na kwa wachache sana ini lingine huhitajika.

MTOAJI NAYE ANA NYONGO

Katika furaha ya mgonjwa kupona, mtoaji husahaulika haraka. Yeye aliingia hospitalini mzima. Ametoka bila kifuko cha nyongo, kwa kuwa huondolewa katika upasuaji huo, na ana uso wa ini uliokatwa ambao unaweza kuvuja kama wa mpokeaji. Kuvuja kwa nyongo ni miongoni mwa matatizo yanayowapata watoaji mara nyingi zaidi, na walio wengi hupona kwa mrija au stenti. Hatari ya kifo hukadiriwa kuwa kati ya watu 1 na 5 katika kila watoaji 1,000, na ni kubwa zaidi kwa anayetoa nusu ya kulia. Kituo chenye maadili hakikubali kumwachia mtoaji ini lililo chini ya takriban asilimia 30 ya la awali.

Kwetu, mtoto akiambiwa baba anahitaji ini, nani atamwachia nafasi ya kusema hapana? Hospitali nzuri humwita mtoaji peke yake, bila wazee wa ukoo, na kumpa nafasi ya kujiondoa kwa siri kwa sababu ya kitabibu. Familia inayompenda inapaswa kuitaka nafasi hiyo kabla hata hospitali haijaitoa. Na mpangilio wa mifereji yake ukionekana kuwa wa hatari, wazee wakubali jibu hilo bila kumtafutia lawama. Hakuchagua alivyoumbwa.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Katika ukanda wetu upandikizaji wa figo umeshaanza. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya wake wa kwanza mwaka 2017. Kwa ini, familia nyingi bado huitazama India, na baadhi huenda Misri au Afrika Kusini. Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2011, inawatambua kuwa ndugu wa karibu mume na mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi na wajukuu. Binamu, ambaye kwetu ni kaka kabisa, hayumo katika orodha hiyo, na kesi yake hupelekwa mbele ya kamati. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vitafutwe mapema, na anayejitolea kukuuzia mtoaji akimbiwe kama moto.

Zaidi ya karatasi, yapo maswali ya nyongo. Muulize daktari mpangilio wa mifereji ya mtoaji ukoje, na anatazamia matundu mangapi. Muulize ataunganisha kwa njia ipi na kwa nini. Muulize wagonjwa wangapi wa kituo chake wamepata kuvuja au kubana, na ni nani anayewatibu. Muulize kama stenti imeachwa ndani, ya aina gani, na tarehe gani itolewe. Stenti iliyosahaulika ni mlango wa maambukizi, na nimewahi kuona karatasi ya ruhusa ya mgonjwa iliyoitaja kwa mstari mmoja tu, bila tarehe. Daktari asiyekerwa na maswali haya ndiye wa kumpa mwili wako.

Bajeti nayo ihesabiwe hivyo hivyo. Fedha zikiishia kwenye upasuaji na tiketi ya kurudi, mwaka wa kwanza hauna mlinzi. Pawe na akiba ya vipimo vya damu vya mara kwa mara, picha za MRI na pengine safari ya pili. Mgonjwa arudi na nakala za picha zake, si muhtasari peke yake, na kabla ya kusafiri awe ameshampata daktari wa ini nyumbani atakayewasiliana na wale waliompasua.

Serikali na hospitali zetu zina sehemu yao. Huduma ya ERCP ipo katika hospitali chache kubwa za ukanda huu, na inahitajika kwa wengi kuliko waliopandikizwa: mwenye mawe ya nyongo na mwenye saratani ya kongosho wanaihitaji pia. Kumfundisha daktari mmoja na kumpa mashine inayofanya kazi ni njia ya kupunguza safari nyingi za baadaye. Na bora zaidi ni kuzuia. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za watoto za Tanzania na Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo wapime, na wasioambukizwa wachanjwe. Mama mwenye kichanga ambaye manjano yake yamepita wiki mbili, au choo chake ni cheupe, asingoje jua la asubuhi limponye. Upasuaji wa Kasai huwa na matumaini makubwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Taiwan huwapa wazazi kadi ya rangi za choo walinganishe, na tangu 2004 kadi hiyo ni mpango wa nchi nzima. Kadi ni karatasi tu. Nasi tunaweza kuichapisha na kuibandika kwenye kliniki za watoto.

Na kwako uliyepandikizwa, au unayeishi na aliyepandikizwa: kuwashwa bila upele, mkojo wa rangi ya chai, choo kilichopauka, macho ya manjano, au homa ya kutetemeka. Moja tu kati ya hayo linatosha kukupeleka hospitali kubwa siku hiyohiyo. Ukifika, kabla ya kitu kingine chochote, sema maneno haya: nimepandikizwa ini, naomba njia yangu ya nyongo iangaliwe. Malaria ipimwe pia, lakini isiwe mwisho wa uchunguzi.